Mwanamke, Jukwaa la Vichekesho na Macho ya Ukoo

Uchekeshaji wa jukwaani, ambao vijana wa mjini huuita stendapu, ni sanaa ya mtu mmoja kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio na kuwavunja mbavu kwa maneno yake mwenyewe. Hana ngoma, hana mwenzake wa kujibizana naye, na mara nyingi hana hata vazi la kuigizia. Malighafi yake ni maisha yake: wazazi waliomlea, mtihani aliofeli, mume aliyempata au aliyemkosa. Mwanamume anayachota maisha hayo kama mali yake. Kwa mwanamke ni mali yenye wadau wengi. Akimtaja mama mkwe jukwaani, ameitaja kaya ya watu. Akisimulia usiku wa harusi yake, amefungua mlango ambao pande mbili za ukoo zilikubaliana uwe umefungwa. Mvutano baina ya ndoto ya jukwaa na matarajio ya familia huanzia hapo. Hauanzii kwenye kicheko chenyewe, ingawa ndivyo unavyoelezwa mara nyingi.

Mahali pazuri pa kuutazama mvutano huo ni Chole, kata ya wilaya ya Kisarawe katika mkoa wa Pwani. Isichanganywe na Chole ya Mafia, kisiwa chenye magofu, ambacho nacho kimo katika mkoa huohuo. Chole hii ya bara ni Uzaramoni, nchi ya mihogo, mikorosho na minazi. Dar es Salaam iko karibu kiasi cha kuwavuta vijana na mazao ya wilaya nzima, na iko mbali kiasi kwamba anayetoka ukumbini saa tano usiku hawezi kutumaini kulala kwao siku hiyo. Maonesho ya vichekesho yenye kiingilio yamejikusanya mjini. Msichana wa Chole mwenye kipawa hicho, kabla hajatunga neno hata moja, ana swali la kujibu: atalala kwa nani?

Anayedhani kwamba kijiji cha Uzaramoni kimemfunga mwanamke mdomo hajawahi kukaa kwenye msiba wake. Wazaramo wana watani wa kikabila, wakiwamo Wanyamwezi, ambao misafara yao ya karne ya 19 ilipita huko ikiteremka pwani. Wana pia watani wa ndani: mabinamu, mashemeji, mabibi kwa wajukuu. Mtani hufika msibani akidai deni ambalo marehemu hakukopa. Huvaa koti la marehemu, akamwigiza alivyotembea, alivyokohoa, alivyojificha wadai walipobisha hodi. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hawana ruhusa ya kukasirika. Wakitaka aache, watoe chochote. Mtani wa kike hufanya hayohayo, na pengine kwa ustadi zaidi, maana miaka yote ndiye aliyekuwa kando ya jiko akisikiliza watu wanavyosema.

Jambo hili liliwavutia wataalamu mapema. A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala yake maarufu juu ya utani mwaka 1940, na mwaka 1944 R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Moreau kwa kazi alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Utani aliuokota njiani, na makala yake bado inasomwa. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliikusanya mada hiyo kwa upana zaidi. Ukiyapima maandishi hayo kwa macho ya mchekeshaji, linaonekana jambo moja: kicheko cha mtani hakimrudii msemaji. Akisema baba yenu alikuwa mchoyo, hakuna anayeuliza msichana huyu kalelewa na nani. Uhusiano wa utani ndio uliosema, na uhusiano hauna mama wa kulaumiwa.

Unyago una uhuru mkubwa zaidi, ila umezungushiwa ua. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo kijijini Bunju katika miaka ya 1960, aliandika kwa kina habari za mwali: kuwekwa ndani, kutunza mwana hiti, yule mwanasesere wa mti asiye na mikono wala miguu, kisha kutolewa kwa ngoma. Kukaa ndani zamani kulichukua miezi, na katika vizazi vya nyuma hata zaidi ya mwaka. Siku hizi kunafinywa kufuata likizo za shule. Mafunzo yenyewe yamejaa mchezo. Makungwi huigiza mume mlevi anayepapasa ukuta akitafuta mlango, mke mvivu anayeunguza ugali, wifi anayekagua masufuria ya watu. Mambo ya mwili hutajwa kwa majina yake. Bibi ambaye mchana hawezi kutamka neno zito mbele ya mkwewe, usiku huo anaangusha watu kwa kicheko, na kesho yake asubuhi anasalimiwa kwa heshima ileile ya jana.

Harusini napo ni vivyo hivyo. Upande wa bwana harusi na wa bibi harusi hurushiana vijembe, shangazi hudai chake, somo humfundisha bi harusi kwa mafumbo ambayo wenye umri huyaelewa kabla hajamaliza kusema. Kwa hiyo mwanamke wa Uzaramoni ana shule ya kuchekesha, tena nzuri. Anajua kuweka kituo, anajua kuchelewesha neno lenye uzito, anajua kuiga sauti. Alichopewa pamoja na ujuzi huo ni masharti: aseme wakati wake ukifika, aseme mbele ya wanaostahili kusikia, na lililosemwa ndani libaki ndani. Masharti hayo yamewawezesha wanawake wenye heshima zao kusema makubwa bila kudhurika.

Jukwaa la mjini linayaondoa yote matatu. Wakati ni ratiba ya mwandaaji wa onesho. Wasikilizaji ni yeyote mwenye pesa ya tiketi: mwanamume, mgeni, bosi wa kaka yake, sheikh wa mtaa ikibidi. Na kubaki ndani hakupo tena, kwa sababu simu kumi zinarekodi. Kipande cha dakika moja kinafika Chole kwa WhatsApp kabla mwenyewe hajashuka jukwaani, kikiwa kimekatwa pale ukali ulipo, bila utangulizi uliokilainisha. Mama anakisikia kwa jirani. Ndipo maneno ya kawaida yanapotoka: umetuvua nguo, wakwe watasema nini, mtoto wa kike gani huyu asiye na haya. Haya ni malalamiko ya watu ambao wao wenyewe huchekesha kwenye unyago na misiba. Unafiki haumo, wanachodai ni masharti waliyoyazoea.

Wanawake wa Kiswahili walishalipa gharama ya kuvuka ua huo zamani, kwa nyimbo kabla ya vichekesho. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, akaimba habari za mjini kwa kejeli iliyowauma wakubwa. Wimbo wake juu ya Kijiti, mtuhumiwa wa mauaji aliyetoroka, uliisuta mahakama iliyowageukia mashahidi. Alidharauliwa kwa asili yake ya kimaskini na kwa sura yake, akaendelea kuimba. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikwenda mbali zaidi: alikuwa kungwi wa unyago, na ngoma hiyo ya faragha akaipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Miaka ya 1990 mipasho ya Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano ilijaza kumbi za Dar es Salaam. Vijembe vya uani vikauzwa kwa tiketi, na wanawake wakawa wateja wakubwa.

Katika vichekesho vyenyewe nafasi ya mwanamke ilikuwa finyu na ya aina moja. Alikuwa mke. King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, na Mzee Small, aliyefariki Juni 2014, walikuwa vinara wa michezo yao, na wanawake walioigiza nao, kama Bi Chau, walikuwa ukuta ambao mpira wa mzaha uligonga na kumrudia mwanamume. Kenya ilikuwa na mfano wa aina hiyohiyo katika Vitimbi vya KBC, ambamo Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alimkaripia Mzee Ojwang mwaka nenda mwaka rudi. Mama Kayai aliwachekesha watu sana, tena bila kuleta fedheha kwao, kwa sababu mke mkali kwa mume mjanja ni sura inayokubalika kila nyumba. Kundi la Ze Comedy lilipotamba kwenye EATV, na baadaye TBC kwa jina la Orijino Komedi, lilikuwa la wanaume. Walipomhitaji mwanamke, mmoja wao, Joti, alijifunga kanga. Watazamaji walicheka. Ni vigumu kutoona kilichokuwa kikitendeka: mwanamume aliyevaa kanga aliruhusiwa kusema hadharani maneno ya uswahilini ambayo mwenye kanga yake angeyasema kwa siri tu.

Stendapu ilikuja na sharti la kusema kwa jina na sura yako, na hapo mlango ukafunguka kidogo. Nchini Kenya, jukwaa la Daniel Ndambuki, Churchill, lililorushwa na NTV, lilimpa nafasi Teacher Wanjiku, na baadaye Mammito, binti aliyekulia Kibera. Tanzania ilichelewa. Majukwaa ya Dar es Salaam kama Cheka Tu la Coy Mzungu yameizoesha hadhira mtu mmoja na kipaza sauti chake, na miongoni mwa wanawake waliojulikana humo ni Neila Manga. Februari 2025 zilitolewa Tuzo za Vichekesho Tanzania jijini, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Kwa mzazi wa kijijini picha ya namna hiyo ina uzito kuliko hoja yoyote: kazi aliyoihudhuria Rais haiwezi kuwa uhuni mtupu.

Mfano unaofunza zaidi kuhusu familia ni wa Mganda Anne Kansiime, aliyezaliwa mwaka 1986 upande wa Kabale. Alisoma sayansi ya jamii Makerere, akaingia kundi la Theatre Factory mwaka 2007, na umaarufu wake ukavuka mipaka kwa michezo mifupi ya YouTube na kipindi kilichorushwa na Citizen TV ya Kenya. Mhusika aliyemjenga ni mwanamke mbishi, mwenye jibu kwa kila mtu, asiyetoa njia. Watu walimpenda mhusika huyo na wakamtaka mwenye mhusika awe kinyume chake. Ndoa yake ilipovunjika mwaka 2017, na katika miaka yote ambayo hakuwa na mtoto, hadhira iliyolipa kumwona akikataa amri iliona ina haki ya kumuuliza lini atazaa. Alijifungua mtoto wa kiume mwaka 2021. Mchekeshaji mwanamume aliyeachana na mkewe huulizwa ana onesho lini.

Matarajio ya familia, yakichambuliwa, si kitu kimoja. Baba wa Chole mara nyingi hana neno na kuchekesha. Neno lake ni usiku, baa na pombe, maana kumbi nyingi zinauza pombe na jina la binti linasafiri pamoja na jina la ukumbi. Kwa familia ya Kiislamu, na Wazaramo walio wengi ni Waislamu, kuna suala la stara na sauti ya mwanamke mbele ya wanaume wasio maharimu wake; wapo wanaolishika sana na wapo wanaolilegeza. Familia za Kilutheri, urithi wa misheni zilizofika Kisarawe na Maneromango mwishoni mwa karne ya 19, huuliza swali lao kwa lugha ya ushuhuda: waumini watakuonaje? Mume huuliza jambo jingine kabisa, ingawa halisemi waziwazi: kwenye vichekesho hivyo mimi nitakuwa nani?

Swali la pesa huja baadaye, na likija hubadilisha sauti za wengi. Anayeanza hulipwa nauli, au halipwi. Wazazi waliouza korosho kumlipia ada wanataka kuona cheti, na hapo shule inaweza kuisaidia sanaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na sasa kikiitwa TaSUBa, kimo ndani ya mkoa huohuo wa Pwani, na stashahada yake inasomeka kwa mzazi kama stashahada nyingine. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kueleza yanayowakwamisha. Ndani ya sare ya shule binti alimsema mwalimu, mzazi na mwanamume mkware mbele ya hadhira, na mzazi akapiga makofi. Kitu kilichompa ruhusa kilikuwa taasisi iliyosimama nyuma yake, kama vile utani unavyosimama nyuma ya mtani.

Kisheria mke hana kizuizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake, hivyo ujira wa jukwaani ni wake. Sheria, hata hivyo, haiwezi kumlazimisha wifi abaki na mtoto usiku wa onesho, wala haimzuii shemeji kuituma ile video kwenye kundi la ukoo.

Wanawake wanaodumu katika kazi hii hutafuta kifuniko kipya badala ya kile walichokiacha kijijini. Kilicho rahisi ni ushereheshaji. Kichen pati na sendofu zinahitaji mwanamke wa kipaza sauti anayejua kuchekesha wanawake wenzake. Malipo ni ya uhakika kuliko ya kumbi, wasikilizaji ni akina mama wa heshima, na kazi hufanywa jioni yenye mwisho unaojulikana. Ni unyago ulioingia ukumbini, na mama mzazi anaweza kualikwa akakaa meza ya mbele. Lawama ya kwamba ushereheshaji unaua stendapu, ambayo husikika kwa vijana wa jukwaani, ina ukweli kidogo, maana kwenye sherehe huwezi kumgusa mwenye sherehe. Lakini ndiko wengi wanakojifunza kuishika hadhira iliyoshiba na yenye makelele, na anayeweza hiyo hachemki mbele ya watu waliokaa kimya wakimsubiri.

Kifuniko kingine ni mtu wa kutunga. Mmarekani Phyllis Diller alianza kazi San Francisco mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 37 na watoto watano. Ili aweze kusema juu ya ndoa alimbuni mume, akampa jina la Fang, akamlundikia uvivu na ujinga wote wa duniani. Aliyeumia akajulishwa kwamba Fang hayupo. Mbinu hiyo inafaa sana uswahilini, ambako kusema jambo kwa mafumbo ni adabu na si woga. Mama mkwe wa jukwaani akipewa kijiji cha mbali, tabia zilizokopwa kwa watu watatu na jina ambalo halimo katika ukoo, mama mkwe wa kweli anaweza kucheka pamoja na wengine, akijua kwamba theluthi moja ni yake. Wapo pia wanaokubaliana nyumbani mapema: watoto hawatajwi, maradhi ya baba hayatajwi, mengine ruksa. Mkataba wa namna hiyo humpunguzia mchekeshaji mada. Humpa pia kitu ambacho wenzake wa kiume hawakihitaji sana, yaani watu wa kumpigania kundi la ukoo linapowaka moto.

Umri nao una nguvu yake. Moms Mabley, mchekeshaji mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 1975, alianza kujifanya bibi kizee angali kijana: gauni la nyumbani, kofia ya kuning'inia na, baadaye, mdomo usio na meno. Kwa sura hiyo alisema juu ya wanaume na juu ya ubaguzi wa rangi maneno ambayo msichana mrembo asingeyamaliza salama. Chole ingemwelewa mara moja. Bibi huko ni mtani wa mjukuu wake, humwita mume, hudai posa, hutaja yasiyotajika, na hakuna wa kumkemea, kwa kuwa ameshazaa na ameshazika. Bi Kidude naye alipata umaarufu wa dunia akiwa ajuza.

Biashara ya vichekesho inataka kinyume chake. Waandaaji na kampuni za matangazo hutafuta sura changa, zenye wafuasi wengi mtandaoni. Miaka ambayo jukwaa linamhitaji zaidi mwanamke ndiyo miaka ambayo familia inamtaka aolewe, azae na alee. Mwanamume wa rika lake hujenga jina katika miaka hiyo. Yeye akijifungua huondoka jukwaani mwaka mmoja au miwili, na anaporudi hukuta hadhira imepata wapya. Wachache hurudi wakiwa na mada mpya ya uzazi, ambayo wanawake waliomo ukumbini huipokea kwa kelele. Wengine hubaki kwenye ushereheshaji, na Jumamosi huwakuta kwenye sendofu ya Kisarawe mjini au Gongo la Mboto, wakilipwa taslimu kabla ya keki kukatwa.